Ardhi Iliyoitwa Tupu: Makazi ya Lamu kutoka Brussels hadi Mpeketoni

Tarehe 17 Agosti 1889, Baron Auguste Lambermont, mwanadiplomasia mashuhuri wa Ubelgiji, alitoa hukumu juu ya kisiwa cha Lamu. Serikali za Uingereza na Ujerumani zilikuwa zimekubaliana kumfanya mwamuzi wa ugomvi wao. Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilitaka Sultani wa Zanzibar aikodishie ushuru wa forodha na utawala wa kisiwa hicho. Kampuni ya Witu ya Wajerumani ilipinga, ikidai kwamba Sayyid Barghash, aliyefariki mwaka uliotangulia, alikwisha kuwaahidi wao. Lambermont aliona kwamba ahadi hiyo haikuthibitishwa, na kwamba Sultani alikuwa huru kukubaliana na Waingereza.

Wanasheria wa kimataifa wangali wakiusoma uamuzi huo, kwa kuwa unapima kwa makini ni maneno gani yanayoweza kumfunga mtawala na yapi yasiyoweza. Msomaji wa historia ya pwani huona jambo jingine. Wadai walikuwa wawili, mwamuzi mmoja, na mwenye kisiwa kwa mujibu wa shauri alikuwa Sultani aliyekaa Unguja. Mwamu hakuwa mdai, wala shahidi, wala mwenye haki ya kusikilizwa. Leo Lambermont ana barabara pana yenye jina lake katika kitongoji cha Schaerbeek, hapa Brussels, na makazi rasmi ya Waziri Mkuu wa Ubelgiji hujulikana kwa jina hilo hilo. Lamu imebaki na deni la swali ambalo shauri lake halikuliuliza: nani ana haki ya kuishi wapi, na kwa idhini ya nani?

Makala haya yanalifuata swali hilo katika eneo ambalo tangu mwaka 2013 linaendeshwa kama Kaunti ya Lamu, kaskazini mwa pwani ya Kenya. Hoja yangu ni kwamba ugomvi wa ardhi wa Lamu, ambao kwa kawaida husimuliwa kuwa ugomvi wa wenyeji na wakuja, una mzizi mwingine. Mara kadhaa katika miaka mia moja na hamsini iliyopita, ardhi ya bara ya Lamu ilihamwa kwa sababu zinazojulikana: vita, kuanguka kwa kilimo cha kitumwa, hofu. Na kila ilipohamwa, serikali iliyokuwapo iliuchukua utupu ule kuwa ushahidi kwamba ardhi haikuwa na mwenyewe.

Kisiwa na bara lake

Magofu ya Shanga, katika kisiwa cha Pate, yalichimbuliwa na Mark Horton, aliyekuta tabaka za misikiti zilizojengwa moja juu ya nyingine, ya chini kabisa ikirudi nyuma hadi karne ya nane. Huko Manda, Neville Chittick alifukua mji uliokuwa ukifanya biashara ya ng'ambo katika karne ya tisa. Historia ya makazi katika visiwa hivi ina umri wa zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili, nao ni umri unaoonekana kwa macho, katika kuta za matumbawe.

Historia ya bara haina kuta za namna hiyo, na hapo ndipo kosa la kuisoma linapoanzia. Miji ya Lamu, Pate, Siyu na Faza ilikuwa kisiwani, lakini sehemu kubwa ya chakula chake na mali ya biashara ilitoka ng'ambo ya mkono wa bahari. Katika karne ya kumi na tisa mashamba ya bara, kama yale ya Hindi na Mkunumbi, yalitoa nafaka na ufuta uliosafirishwa kwa majahazi hadi Unguja na Arabuni. Wabajuni wa pwani ya kaskazini walikuwa na vijiji vya bara hadi kuelekea Kiunga. Msituni waliishi Waboni, ambao wenyewe hujiita Aweer, wakiwinda na kurina asali. Waorma walipitisha mifugo kwa majira. Mkulima alifyeka konde, akalima kwa miaka michache, kisha akailaza ardhi na kuhamia kando, akijua kwamba yeye au mwanawe angerudi. Ardhi iliyolazwa huonekana pori kwa asiyeijua. Kwa aliyeilaza ni akiba.

Hata fasihi ya kale ya huko ina mafunzo juu ya kufika na kukaa. Katika Habari za Pate, ambazo Stigand alizichapisha kwa Kiingereza mwaka 1913 kutokana na masimulizi ya Bwana Kitini, Mnabahani wa kwanza hapati ufalme kwa upanga. Anaoa binti wa mtawala aliyemkuta, na mkwewe ndiye anayemkabidhi nchi. Habari za Lamu, zilizochapishwa mwaka 1938, zinasimulia makundi mawili, la Hidabu na la Weyuni, yaliyopigana kabla ya kuishi pamoja. Mwanahistoria anaweza kuutilia shaka ukweli wa matukio hayo, lakini kanuni inayobebwa na masimulizi ni bayana: aliyekuja baadaye huwa mwenyeji kwa kupokewa na aliyetangulia, ama kwa ndoa, ama kwa mapatano baada ya vita. Methali yetu ya mgeni njoo mwenyeji apone ina sharti hilo hilo ndani yake. Kuna mwenyeji, anajulikana, naye ndiye anayesema njoo.

Kanuni hiyo inagusa magofu pia. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir huyatazama majumba ya Pate yaliyohamwa na kuyafanya mazingatio juu ya dunia isiyodumu. Mshairi haoni mahali pasipo na mtu. Anaona mahali penye watu waliokwisha kuondoka, na kutokuwapo kwao ndiko kunakompa maneno. Huko Takwa, katika kisiwa cha Manda, mji ulihamwa mwishoni mwa karne ya kumi na saba. Watu wa Shela, wanaohesabu asili yao huko, wameendelea kuvuka maji kwenda kulizuru kaburi lenye mnara na kuomba mvua. Kuhamwa kwa Takwa hakukuufuta uhusiano wa watu na mahali. Sheria iliyokuja baadaye ilidhani kinyume.

Witu, 1890

Kabla ya sheria ilikuja dola ya watoro. Ahmed bin Fumo Luti, aliyeitwa Simba, alikuwa Mnabahani aliyeshindwa kuirudisha Pate mikononi mwa ukoo wake mbele ya nguvu za Mabusaidi wa Zanzibar. Alivuka bara, na katika miaka ya 1860 alijijenga Witu, katikati ya msitu mnene. Waliomfuata walikuwa mchanganyiko: jamaa zake wa Pate, wakimbizi wa vita, Waboni, na watumwa wengi waliotoroka mashamba ya pwani. Wenye mashamba wa Lamu waliiona Witu kuwa pango la wezi. Mtumwa aliyekimbia kutoka Mkunumbi aliiona kuwa mahali pa kwanza ambapo angeweza kulima na kula alichokilima.

Mwaka 1885 ndugu wawili wa Kijerumani, Clemens na Gustav Denhardt, walipata mkataba na Simba, na Ujerumani ikatangaza himaya yake juu ya Witu. Simba alitafuta ngao dhidi ya Zanzibar. Akawa kipande katika mchezo ambao Lambermont angeombwa kuuamua sehemu yake miaka minne baadaye.

Lambermont alirudi tena katika habari hii. Kuanzia Novemba 1889 aliongoza hapa Brussels mkutano wa mataifa juu ya kukomesha biashara ya watumwa. Miongoni mwa wajumbe wa Uingereza alikuwamo Sir John Kirk, aliyekuwa balozi mdogo wa nchi hiyo Unguja kwa miaka mingi, na Zanzibar yenyewe ilihesabiwa kati ya dola zilizoshiriki. Hati Kuu ya Brussels ilitiwa saini tarehe 2 Julai 1890, nayo iligusia hata ulinzi wa watumwa watoro. Siku moja kabla yake, tarehe 1 Julai, Uingereza na Ujerumani zilitiliana saini mjini Berlin mkataba ulioipa Ujerumani kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini, na kuitoa Witu kwa Waingereza.

Kwa hiyo, katika muda wa siku mbili, dola za Ulaya ziliahidi kumlinda mtoro na zikabadilishana nchi ambayo watoro walikuwa wameijenga. Fumo Bakari, aliyemrithi Simba, hakuulizwa. Mnamo Septemba mwaka huo Mjerumani Andreas Küntzel, aliyekuja kwa biashara ya mbao, aliuawa Witu pamoja na wenzake. Mnamo Oktoba Admirali Fremantle wa Uingereza aliongoza msafara wa kuadhibu, na mji ukateketezwa. Fumo Bakari alifariki mapema mwaka uliofuata. Fumo Omari aliendeleza upinzani msituni. Kampuni ya Waingereza ilijaribu kuitawala nchi hiyo na ikajitoa mwaka 1893. Vijiji vilivyochomwa havikuandikiwa hati ya mwenyewe. Vilirudi kuwa msitu, na msitu ukaingia katika ramani za serikali kama msitu tu.

Kuhamwa mara mbili

Mwaka 1907 hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa katika pwani ya Kenya. Hilo lilikuwa jambo la haki, na lilichelewa. Lakini mashamba ya bara ya Lamu yalikuwa yamesimama juu ya kazi ya watumwa, na yalianguka pamoja nayo. Baadhi ya wenye mashamba walirudi kisiwani wakiwa maskini, baadhi ya waliokuwa watumwa walibaki wakilima vipande vidogo, wengine walitawanyika. Mwaka uliofuata, 1908, ikapitishwa sheria ya hati za ardhi ya pwani. Kila mwenye madai alitakiwa kuyapeleka yapimwe. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai, au ambayo madai yake hayakukubaliwa, ilihesabiwa kuwa mali ya Mfalme wa Uingereza.

Ratiba hiyo ina uzito wake. Sheria ilidai ushahidi wa kumiliki katika miaka ile ile ambayo mfumo mzima wa kilimo ulikuwa umevunjika. Konde iliyolazwa haikuwa na mpaka wa kuonyesha kwa mpima ardhi. Aliyekuwa mtumwa hakuwa na karatasi yoyote. Mwindaji wa Kiboni, ambaye ardhi yake ilikuwa njia, mizinga na visima, hakuwa na kitu ambacho sheria ile ingekiita umiliki. Baada ya uhuru wa 1963 ardhi ya Mfalme ikawa ardhi ya Serikali ya Kenya. Jina lilibadilika; msingi wake haukubadilika.

Kuhamwa kwa pili kulikuja na uhuru wenyewe. Katika vita vya shifta, kuanzia 1963 hadi 1967, mapigano ya kutaka kuliunganisha eneo la kaskazini mashariki mwa Kenya na Somalia yaliingia pia katika bara ya Lamu. Vijiji vya Wabajuni vilishambuliwa na kuporwa. Watu walikimbilia visiwani, Malindi na Mombasa, wakiacha minazi na mashamba. Waboni nao walikusanywa katika vijiji vya pamoja, mbali na baadhi ya maeneo yao ya msituni. Wengi hawakurudi, ama kwa hofu, ama kwa sababu waliporudi walikuta hali nyingine. Sensa ya 1969 ilihesabu watu takribani 22,000 tu katika wilaya nzima. Kwa mpangaji wa serikali aliyeitazama takwimu hiyo Nairobi, Lamu ilikuwa wilaya yenye ardhi nyingi na watu wachache. Kwamba ilikuwa imetoka vitani miaka miwili tu nyuma, takwimu haikusema.

Mpeketoni

Mapema katika miaka ya 1970 serikali ya Jomo Kenyatta ilianzisha skimu ya makazi katika eneo la Mpeketoni, kando ya ziwa lililopewa jina la Rais. Ujerumani, safari hii ile ya Magharibi, ilisaidia kugharimia na kuendesha mradi huo. Familia zilipewa mashamba ya takribani ekari 10. Wengi wa walowezi walikuwa Wagikuyu wasio na ardhi. Wamo waliokuwa wamerudi kutoka Tanzania, na baadaye walifuata watu wa jamii nyingine za bara. Walifyeka pori, wakaugua malaria, wakafukuzana na wanyama, wakapanda pamba, mikorosho na mahindi. Katika muda wa kizazi kimoja Mpeketoni ukawa mji wa soko unaolisha sehemu kubwa ya kaunti.

Mwandishi wa historia hana haki ya kuwafanya watu hao wahalifu wa hadithi hii. Nao ni watoto wa ardhi iliyonyang'anywa: nyanda za juu za Kenya ziligeuzwa mashamba ya Wazungu, na baada ya uhuru hazikurudishwa kwa wote waliozipoteza. Kilichofanyika ni kwamba deni la Kenya ya kati lililipwa kwa ardhi ya Lamu, na aliyelipa hakuulizwa. Mlowezi alipata hatimiliki. Mbajuni aliyekimbia shifta, na Mwamu ambaye babu yake alilima Hindi, aliendelea kuitwa skwota katika nchi yake. Tofauti hiyo ya karatasi ndiyo iliyowafanya majirani wawili, ambao kila mmoja alikuwa amepoteza, watazamane kama mnyang'anyi na mnyang'anywa.

Usiku wa tarehe 15 Juni 2014 watu wenye silaha waliingia Mpeketoni wakati wengine wakitazama mechi za Kombe la Dunia. Katika usiku huo na ule uliofuata, zaidi ya watu 60 waliuawa katika mji huo na viunga vyake. Al-Shabaab walidai kuhusika, na katika tamko lao walitaja, pamoja na mengine, ardhi ya Waislamu iliyotwaliwa. Rais Uhuru Kenyatta alisema kwamba chanzo kilikuwa mitandao ya kisiasa ya hapo hapo. Hakuna dhuluma ya ardhi inayohalalisha mauaji yale. Lakini magaidi walijua ni jeraha gani la kulitia kidole, na jeraha hilo hawakulifanya wao.

Mwisho wa Julai mwaka huo Rais aliagiza kufutwa kwa hati za ekari 500,000 zilizokuwa zimegawiwa kampuni 22 katika miaka ya 2011 na 2012. Eneo hilo ni takribani kilomita za mraba 2,000, karibu thuluthi ya ardhi yote ya kaunti. Mgao huo ulifanyika pale mradi mkubwa wa bandari na njia za usafiri, LAPSSET, ulipokuwa mbioni kuzinduliwa Magogoni, uzinduzi uliofanyika Machi 2012. Wakati Mbajuni na Mgikuyu wakitazamana kwa jicho baya juu ya mashamba ya ekari 10, wengine walikuwa wamejigawia thuluthi ya nchi kwa hoja ile ile ya kale kwamba haikuwa na mtu.

Hata bahari ilifanyiwa hivyo. Bandari ilipochimbwa, maeneo ya uvuvi na mikoko yaliyotumiwa kwa vizazi yalihesabiwa kuwa maji tu. Wavuvi walikwenda mahakamani, na tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, wavuvi wapatao 4,600, ikaona pia kwamba haki zao, zikiwamo za utamaduni na za kushirikishwa, zilikuwa zimevunjwa. Miaka 129 baada ya hukumu ya Lambermont, watu wa Lamu walikuwa wadai katika shauri juu ya Lamu, na walisikilizwa.

Nani aliyelima?

Kuna pingamizi ambalo mtafiti wa pwani, hasa akiwa mtu wa pwani, hana budi kulikabili. Je, Waamu wa karne ya kumi na tisa hawakuitendea bara vivyo hivyo? Walifyeka mashamba katika misitu ambamo Waboni walikuwa wakiwinda, na waliyalima kwa mikono ya watu walionunuliwa. Tukisema kwamba shamba la Hindi lilikuwa na mwenyewe, tunamtaja nani: aliyelimiliki au aliyelilima? Mjukuu wa mtumwa aliyebaki hapo baada ya 1907 ana dai gani mbele ya mjukuu wa bwana aliyerudi kisiwani?

Naona pingamizi hilo ni la haki, na kwamba linaitia hoja nguvu. Neno tupu lilikuwa na faida kwa kila aliyekuwa na uwezo wa kulitamka, awe bwana wa mashamba, kampuni ya Ulaya, mpangaji wa Nairobi au mnunuzi wa hekta elfu kumi. Aliyetamkiwa ni yule yule daima: mtoro, Mboni, mlimaji wa konde, mvuvi. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 63, inazitaja kwa jina ardhi za asili za jamii za wawindaji kuwa ardhi ya jamii, na sheria ya 2016 imeweka utaratibu wa kuzisajili. Utaratibu huo hauna maana ikiwa mpima ardhi atafika tena msituni akiwa na swali la 1908, la mpaka na karatasi, bila kuuliza nani alipita, nani aliweka mizinga, nani alizikwa.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 katika Kaunti ya Lamu, zaidi ya mara sita ya wale wa 1969. Wengi wao hawana kwao kwingine, wawe wamezaliwa Kizingitini au Mpeketoni. Haiwezekani kuwarudisha watu hao wote mahali ambapo babu zao walikuwa, na anayewaambia kwamba inawezekana anawaandalia vita. Kinachowezekana ni kuandika upya kumbukumbu ya bara, kijiji kwa kijiji: kilihamwa lini, na kwa sababu gani, na waliokihama walikwenda wapi. Sehemu ya kumbukumbu hiyo imo katika majalada ya Nairobi, London, Berlin na hapa Brussels. Sehemu kubwa zaidi wanayo wazee wa Faza, Kiunga, Witu na Basuba, na hao hawatangoja. Mwenye hatimiliki Mpeketoni hana sababu ya kuiogopa kazi hiyo, kwa kuwa ndiyo itakayomwonyesha kwamba deni analodaiwa si lake peke yake. Mwenye haki ya kuiogopa ni yule anayesubiri ardhi ihamwe tena.